Uzi: Kipanda uso na kitu kinaitwa CGRP, wenye tatizo hili Nyanda za Juu Kusini tukutane hapa

Mfamasia wa Mwanjelwa

Wadau heshima kwenu. Ndugu zangu wa Iringa na Njombe kamwene, wa Rungwe na Kyela mwaghonile.

Huu uzi utakuwa mrefu, naombeni uvumilivu, manake hii kitu inanikaa moyoni muda sasa. Pale dukani kuna watu wanakuja wale wale kuomba dawa ile ile ya kichwa, ukimuuliza mtu maswali mawili matatu unagundua ni kipanda uso kabisa. Kichwa kinagonga upande mmoja, akiinuka au akipanda ngazi kinazidi, kichefuchefu kipo, mwanga hautaki, kelele haitaki, anataka chumba cha giza alale. Shambulio moja kama halijatibiwa linakaa kuanzia saa 4 mpaka saa 72, yaani siku tatu mtu hana maisha. Alafu huyu huyu kashaambiwa ana presha, kashaambiwa taifodi, kashaambiwa ni mawazo, na mwingine kashatajiwa mpaka jirani aliyemroga kisa mpaka wa shamba.

Kuna mama mmoja anauza ndizi, huwa anakuja kajifunga kanga kichwani kwa nguvu mpaka akiifungua unaona alama ya fundo kwenye paji la uso. Anasema asipokaza hivo haoni mbele. Huyu mama anaamini kabisa kwamba tatizo lake halijulikani duniani. Mimi nataka aelewe kwamba linajulikana, kemikali inayohusika (ndo hiyo CGRP) imepimwa, umbo la sehemu inapokamata limeshachorwa, na dawa za kuizuia zipo sokoni nje huko tangu 2018.

Zamani, miaka ya 1930 na 1940, daktari mmoja wa Marekani anaitwa Harold Wolff alishikilia kwamba kipanda uso ni mishipa ya damu ya kichwani kutanuka tu basi. Hiyo hoja ilikaa sana. Mwaka 1979 Michael Moskowitz, naye wa Marekani, akaja na hoja kwamba tuangalie neva zinazoizunguka hiyo mishipa. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, kinachosikia ni utando unaoufunika pamoja na mishipa ya damu iliyoko humo, na neva inayopeleka taarifa za hayo maumivu ni neva ya tano ya kichwa, inaitwa trijemina, ile ile inayohudumia uso na taya. Ndo maana maumivu unayasikia jichoni, kwenye paji, kwenye panja, wengine mpaka meno wanang'oa bure.

Sasa hizi neva zikichokozwa hazipeleki taarifa tu ubongoni, zinamwaga pia vitu vidogo vidogo vya protini pale pale kwenye ncha zake. Hivo ndo vinaitwa nyuropeptidi. Ya kwanza kushukiwa ilikuwa substansi P, watu wakaitengenezea dawa ya kuzuia risepta yake, yaani pale inapokamata kwenye seli, wakajaribu kwa wagonjwa wa kipanda uso, ikagoma. Kwenye wanyama ilifanya vizuri, kwa binadamu hamna kitu.

Ya pili ndo hii CGRP. Iligunduliwa 1982 na haikutafutwa kwa ajili ya kichwa kabisa. Watafiti walikuwa wanachunguza jeni (maelekezo ya urithi ndani ya seli) inayotengeneza kalsitonini, homoni ya tezi ya shingoni inayohusika na madini ya kalsiamu, wakakuta jeni hiyo hiyo moja kwenye seli za neva inakatwa na kuunganishwa kwa namna nyingine na inatoa kitu tofauti kabisa, kamnyororo ka amino asidi (vipande vinavyojenga protini) 37. Hako kamnyororo ni moja ya vitu vyenye nguvu kubwa ya kutanua mishipa ya damu kati ya vyote vinavyojulikana mwilini.

Mwaka 1990 Peter Goadsby wa Australia na Lars Edvinsson wa Sweden wakafanya kitu ambacho mimi naona ndo kilifungua njia yote. Walichukua damu kwenye mshipa mkubwa wa shingoni unaotoka kichwani kwa watu wakiwa katikati ya shambulio, wakapima. CGRP ilikuwa juu, substansi P haikupanda. Baadae wakaonyesha pia mgonjwa akipewa sumatriptani, dawa ya kutuliza shambulio ya kundi la triptani, na kichwa kikatulia, CGRP nayo inashuka. Alafu 2002 kule Denmark wakawapa watu wenye kipanda uso CGRP kwa dripu, wengi wakapata maumivu ya kichwa na baadhi likawa shambulio kamili. Kwa hiyo ipo wakati wa shambulio, ikishuka mtu anapona, na ukimwekea unamletea. Ushahidi wa aina hii ukiupata kwenye ugonjwa wowote unashukuru Mungu.

Nikipata muda jioni naendelea na risepta yenyewe na dawa. Karibuni kwa maswali.

Kamwene_Kihesa

Mkuu umenigusa, mimi ni mhanga tangu sekondari. Yangu inaanza na macho, naona kama vimstari vya zigizaga vinang'aa pembeni vinatembea taratibu na katikati panakuwa kama pamefutwa, naweza nikamwangalia mtu nisimuone pua, inakaa kama nusu saa hivi ikiisha tu kichwa kinaanza. Nimepima macho nimeambiwa yako safi. Hii nayo ni hiyo CGRP au nina kitu kingine?

Mfamasia wa Mwanjelwa

@Kamwene_Kihesa hiyo inaitwa aura na umeielezea vizuri kuliko vitabu. Wimbi fulani la umeme linapita juu ya gamba la ubongo sehemu ya nyuma inayoshughulika na kuona, linatembea pole pole kama milimita 3 kwa dakika, ndo maana na wewe unaona vimstari vinatembea. Aliyeligundua ni Mbrazili anaitwa Leão, mwaka 1944. Wimbi likishapita linaweza kuzichokoza zile neva za trijemina kwenye utando na hapo CGRP inaanza kumwagwa, kwa hiyo aura na CGRP ni hatua mbili za safari moja. Wagonjwa walio wengi hawapati aura, wanaenda moja kwa moja kwenye maumivu.

Macho yako mazima kweli, shida iko nyuma ya kichwa. Na kama wewe ni mwanamke niambie, kuna jambo muhimu sana la kukueleza.

Kamwene_Kihesa

Ndio ni mwanamke kaka, na natumia vidonge vya uzazi.

Mfamasia wa Mwanjelwa

Dada, kama vidonge vyako ni vile vya mchanganyiko vyenye estrojeni, mwenye aura hatakiwi kabisa kuvitumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umeviweka kwenye daraja la 4, yaani usitumie, kwa sababu aura peke yake inaongeza hatari ya kiharusi na estrojeni inaongeza juu yake. Usiache ghafla ukabaki bila kinga, nenda kliniki ya uzazi wa mpango wiki hii, taja neno aura, waambie unavyoona, watakubadilishia uende kwenye njia isiyo na estrojeni, zipo za sindano, kipandikizi, kitanzi na vidonge vya homoni moja. Tafadhali sana hili usiliahirishe.

Dereva wa Igawa

Nauliza tu wakuu, mimi natembea na pakti ya dawa kwenye gari, bila kumeza asubuhi siwezi kushika usukani. Kichwa kipo kila siku sio kipanda uso cha siku tatu, kipo tu, kikizidi ndo kinakuja kile kikubwa cha upande mmoja. Zamani kilikuwa kinakuja mara moja kwa mwezi. Hiyo CGRP itakuwa imejaa mwilini au?

Nesi_Mafinga

@Dereva wa Igawa kaka yangu, mfamasia atakujibu vizuri ila mimi naomba nikuwahi. Hiyo ni dawa ndo inakuletea. Mtu mwenye kipanda uso akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi kwa zaidi ya miezi mitatu, au zile za mchanganyiko zenye kafeini, au za ergotamini, au triptani siku 10 na zaidi, kichwa kinageuka kuwa cha kila siku. Hawa tunawaona sana. Na tumbo nalo linaharibika, figo zinachoka, hasa hizi diklofenaki watu wanazomeza bila hata kula.

Mfamasia wa Mwanjelwa

Nesi asante sana, umesema yote. Naongezea kwanini. Neva ikichokozwa mara kwa mara inakuwa nyepesi kuamka, kizingiti chake kinashuka, na kwenye maabara wanyama waliopewa dawa za maumivu muda mrefu neva zao zimekutwa na CGRP nyingi kuliko kawaida. Kwa hiyo dereva swali lako lina maana kuliko unavyodhani. Nakushauri umwone daktari akusaidie kuziacha, zile za kawaida mara nyingi zinaachwa moja kwa moja, siku za mwanzo kichwa kitauma zaidi kabla hakijaanza kuachia, ndo maana unahitaji mtu wa kukusimamia na dawa ya kinga ianzishwe pamoja. Siku hizo usiendeshe masafa marefu.

Haya turudi kwenye risepta kama nilivoahidi.

CGRP yenyewe ikimwagwa haifanyi kitu mpaka ipate pa kukamata. Mwaka 1998 ndo ikajulikana kwamba pa kukamata pamejengwa na vipande viwili. Kimoja kinaitwa CLR kinapita kwenye ukuta wa seli, kikiwa peke yake hakiitambui CGRP kabisa. Kinahitaji mwenzake mdogo anaitwa RAMP1. Wakikaa pamoja ndo risepta ya CGRP inapatikana. Kinachonifurahisha mimi ni kwamba CLR huyo huyo akikaa na RAMP2 anakuwa risepta ya homoni nyingine kabisa, adrenomedulini, inayohusika na mishipa ya damu na moyo. Kwa hiyo mtengeneza dawa akigonga CLR ovyo ataharibu mambo mengine mwilini, inabidi alenge pale kwenye maungio ya wawili hawa. Na ndipo walipolenga.

Dawa ya kwanza ya kuziba pale ilikuwa olsegepanti. Majaribio yalitoka 2004 ikaonekana inatuliza shambulio kweli, ila ilikuwa ya kuchomwa kwenye mshipa tu, sasa nani atatafuta mtu wa kumchoma mshipa kila kichwa kikianza. Ikaja telkagepanti ya vidonge, ikafanya vizuri, alafu baadhi ya watu waliokuwa wanaitumia kila siku vimeng'enya vya ini vikapanda, kampuni ikasimamisha mradi 2011. Hapo wengi wangekata tamaa. Hawakukata, wakagawanyika njia mbili.

Njia ya kwanza ni antibodi, zile protini kubwa za kinga zinazotengenezwa kwa seli kiwandani, haziendi kuchakatwa kwenye ini kama vidonge kwa hiyo lile tatizo la telkagepanti wakalikwepa. Ziko nne. Erenumabu, wenyewe wanaiuza kwa jina la Aimovig, ilipitishwa Marekani mwezi Mei 2018, hii inakaa kwenye risepta. Fremanezumabu na galkanezumabu zikafuata Septemba mwaka huo huo, na eptinezumabu Februari 2020, hizi tatu zinaikamata CGRP yenyewe. Chukulia CGRP ni abiria anayekwenda stendi ya Nane Nane, hizi tatu zinamdaka akiwa bado barabarani, erenumabu inasimama getini. Matokeo yanakaribiana. Erenumabu ni sindano ya chini ya ngozi kila mwezi na mtu anajichoma mwenyewe, eptinezumabu ni dripu kila baada ya miezi mitatu.

Jambo ambalo watu hawalitilii maanani: hizi antibodi ni kubwa mno, haziingii ubongoni isipokuwa chembe kidogo sana. Na bado zinafanya kazi. Maana yake sehemu kubwa ya kazi ya CGRP kwenye kipanda uso inafanyika nje ya ubongo, kwenye utando na kwenye fundo la neva ya trijemina.

Njia ya pili ni gepanti mpya, vidonge vidogo vilivyotengenezwa upya bila lile tatizo la ini. Ubrogepanti Desemba 2019, rimegepanti Februari 2020, atogepanti Septemba 2021, na 2023 ikaja zavegepanti ya kupuliza puani. Rimegepanti inatumika kutuliza shambulio na pia kuzuia lisije, kitu ambacho hakikuwepo kabla. Na hadi sasa hizi gepanti hazijaonyesha kuleta ile shida ya dereva wetu ya dawa kugeuka kuwa chanzo.

Mwl_Makambako

Mkuu somo zuri na nimelielewa. Lakini naomba tuwe wakweli kwa wasomaji, zinasaidia kiasi gani? Manake kila dawa mpya ikija tunaambiwa imemaliza ugonjwa.

Mfamasia wa Mwanjelwa

Mwalimu swali zuri sana, na jibu ni kwamba hazimalizi ugonjwa. Nakupa namba za jaribio kubwa la erenumabu lililotoka 2017 kwa watu wenye siku 4 mpaka 14 za kipanda uso kwa mwezi. Waliopata miligramu 140 walipungukiwa siku 3.7 kwa mwezi, waliopata dawa ya uongo (ya kulinganishia, haina dawa ndani) walipungukiwa siku 1.8. Waliopungukiwa nusu ya siku zao au zaidi walikuwa asilimia 50 dhidi ya asilimia 26.6 wa dawa ya uongo. Kwa wastani ni faida ya kawaida. Ila ndani ya wastani kuna mtu hajasikia kitu na kuna mtu amerudi kazini, na huyo wa pili ndo ananifanya niandike.

Faida nyingine ni kwamba madhara ni machache ukilinganisha na dawa za zamani za kinga, pale unapochomwa panauma, erenumabu inafunga choo kwa baadhi na presha inaweza kupanda kwa hiyo inapimwa. Kwa mjamzito hazishauriwi, zinakaa mwilini miezi. Na kwa kuwa CGRP ina kazi nzuri ya kutanua mishipa pale moyo au ubongo unapokosa damu, wenye historia ya moyo na kiharusi madaktari wanawaendea taratibu.

Mwaka 2024 chama cha madaktari wa maumivu ya kichwa cha Marekani kilitamka kwamba dawa za CGRP ziwe miongoni mwa chaguo la kwanza la kinga, mtu asilazimishwe kupitia za zamani kwanza. Na 2021 Moskowitz, Edvinsson, Goadsby na mwenzao Jes Olesen wa Denmark walipewa kwa pamoja ile tuzo kubwa ya utafiti wa ubongo inayotolewa Denmark. Walistahili.

Mzee wa Tukuyu

Vijana nawasoma. Mke wangu ana hiki kitu miaka mingi, tumezunguka kwa wachungaji, tumezunguka kwa waganga, nimeuza na ng'ombe. Mnataja dawa za Marekani, hapa Tukuyu mimi nitaipata wapi? Niambieni kinachowezekana.

Mfamasia wa Mwanjelwa

Shikamoo mzee wangu. Pole sana na mpe mama pole zangu.

Nakwambia ukweli. Hizi sindano mimi kwenye shelfu langu sijawahi kuziweka. Erenumabu ilipotoka bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola 6,900 kwa mwaka, kwa pesa yetu ya wakati ule zaidi ya shilingi milioni 15, na inatakiwa kukaa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8 safari nzima kutoka kiwandani. Mimi matumaini yangu kwa watu wetu yako kwenye gepanti, hizo ni vidonge, hazitaki friji, na ni molekuli ndogo ambazo viwanda vingine vitaweza kuzitengeneza kwa bei ya chini muda wa hataza ukiisha. Tuliona kwa dawa za virusi jinsi bei inavyoweza kushuka viwanda vingi vikiingia.

Ila mzee usisubiri hilo. Yapo yanayowezekana leo.

La kwanza ni dawa ya kinga. Propranololi ni dawa ya zamani, rahisi, ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kuzuia kipanda uso. Mama kama ana pumu asipewe. Amitriptilini dozi ndogo usiku nayo inasaidia, inaleta usingizi na mdomo kukauka. Topiramati ipo pia, ila binti anayeweza kushika mimba aelezwe kwanza maana inadhuru mtoto, na valproeti ndo kabisa asipewe. Hizi zote zinaanza kidogo kidogo na zinahitaji miezi miwili mitatu kabla hujasema imeshindwa. Wengi wanaacha wiki ya pili.

La pili ni namna ya kumeza dawa ya shambulio. Kipanda uso kikishika, tumbo linalala, chakula na dawa vinakaa tu humo bila kwenda mbele. Mtu anayesubiri mpaka azidiwe ndo ameze, dawa inabaki tumboni au anaitapika. Ameze mapema, dozi kamili ya ibuprofeni au aspirini kama tumbo na presha vinaruhusu, na daktari anaweza kuongeza metoklopramidi ya kuamsha tumbo na kuzuia kutapika. Kuna ishara moja ya kuangalia: mtu akifika hatua kuchana nywele kunauma, kanga begani inauma, mto unauma, jua neva za ndani zaidi zimeshaamka na kutuliza hapo ni kazi ngumu.

La tatu ni triptani. Sumatriptani ipo duniani tangu 1991 na mojawapo ya kazi zake ni kuzuia neva isimwage CGRP, kwa hiyo mzee ukiipata umeshagusa njia ile ile ya dawa mpya kwa gharama tofauti kabisa. Maduka makubwa ya mjini ukiuliza unaweza kuipata, ni dawa ya cheti. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kiharusi au presha isiyodhibitiwa haruhusiwi, na haichanganywi na ergotamini ndani ya saa 24.

Binti Rungwe

Kaka na sisi ambao inakuja kila mwezi siku mbili kabla ya hedhi? Alafu mimi nikishuka Kyela kwenye joto inakuja, nikipanda Mbeya kwenye baridi inakuja, nikichelewa kula inakuja. Nimechoka.

Kijana wa Ilula

Na ulanzi je. Kwetu msimu ukifika nikinywa vikombe viwili tu kesho yake nimelala ndani, wenzangu wako shamba.

Mfamasia wa Mwanjelwa

@Binti Rungwe wanawake wanapata kipanda uso kama mara tatu ya wanaume, na sababu kubwa ni estrojeni. Inaposhuka ghafla kabla ya hedhi neva za trijemina zinakuwa nyepesi kuamka, na kuna utafiti wa Ujerumani ulipima wenye kipanda uso wakiwa kwenye hedhi ukakuta CGRP yao iko juu kuliko wanawake wengine. Kwako wewe unayeijua tarehe kuna mpango maalumu, daktari anaweza kukupa dawa ya kinga ya siku chache tu kuzunguka hedhi. Njaa, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, kubadilika kwa hali ya hewa, hivi ni vichocheo vya kweli sio deko. Huwezi kuihamisha Kyela lakini chakula na usingizi vipangie muda.

@Kijana wa Ilula pombe kwa wenye kipanda uso ni kichocheo kinachojulikana. Pombe yenyewe inaziamsha neva hizi kupitia kiungo kile kile kinachosikia ukali wa pilipili, na kikiamka CGRP inamwagwa. Mwili wako umeshakujibu, uamuzi ni wako.

Nesi_Mafinga

Naomba niweke hili kwa herufi kubwa wasomaji wasije wakadhani kila kichwa ni kipanda uso. KICHWA KILICHOLIPUKA GHAFLA ndani ya dakika moja kwa nguvu ambayo hujawahi kuiona, kichwa na homa na shingo kukakamaa, kichwa na mkono au mguu kulegea au mdomo kwenda upande, kichwa kipya baada ya miaka 50, kichwa kwa mjamzito au aliyejifungua juzi, kichwa baada ya kugonga. Hapo ni hospitali sasa hivi sio dukani. Na anayeishi na VVU akipata kichwa kinachozidi siku hadi siku awahi apimwe fangasi wa utando wa ubongo, wanaua na wanatibika wakiwahiwa. Mjamzito usimpe diklofenaki, mpime presha.

Dereva wa Igawa

Nesi na mfamasia Mungu awabariki. Nimempigia mke wangu nimemwambia hizi pakti azitoe kwenye gari. Nauliza hiyo amitriptilini mimi naweza kuendesha nayo?

Mfamasia wa Mwanjelwa

Mwambie daktari wazi kwamba wewe ni dereva wa gari kubwa, anaweza kukuanzisha na propranololi badala yake kama mapafu na mapigo ya moyo yanaruhusu. Amitriptilini ukipewa anza ukiwa likizo uone asubuhi unaamkaje. Hata nje huko kuna dawa mpya inaitwa lasmiditani, inapita njia ya serotonini (kemikali nyingine ya neva) bila kubana mishipa, lakini ukiimeza unakatazwa kuendesha kwa saa 8.

Mwl_Makambako

La mwisho mkuu, ile nusu ambayo dawa za CGRP hazikuwasaidia, wao ugonjwa wao ni upi?

Mfamasia wa Mwanjelwa

Mwalimu hapo ndo utafiti ulipo sasa. CGRP haiko peke yake. Kuna nyuropeptidi nyingine inaitwa PACAP, ina amino asidi 38, iligunduliwa 1989, nayo ukimwekea mtu mwenye kipanda uso kwa dripu inamletea shambulio. Kwanza walitengeneza antibodi ya kuziba mojawapo ya risepta zake, inaitwa PAC1, haikuizidi dawa ya uongo. Wengine wakageuza wakaikamata PACAP yenyewe badala ya risepta, na matokeo yalitoka 2023, watu 237 ambao dawa za awali za kinga zilikuwa zimewashinda, waliopewa dozi kubwa mara moja walipungukiwa siku 6.2 ndani ya wiki nne, wa dawa ya uongo siku 4.2. Sababu mojawapo inayofikiriwa ni kwamba PACAP ina risepta zaidi ya moja, ukiziba moja inapita kwenye nyingine. Hata CGRP ina risepta ya pili inayoikubali, ya ukoo wa amilini (homoni nyingine), na ndo maana mtu aliyeshindwa kwa erenumabu wakati mwingine anajaribiwa ile ya kuikamata CGRP yenyewe na inakubali.

@Mzee wa Tukuyu nimekutumia ujumbe. Ukija na mama Mbeya njoo kwanza na daftari, aandike kila siku kichwa kilipouma, kilianza saa ngapi, alikula nini, hedhi kama bado ipo, alimeza nini na kiasi gani. Mwezi mmoja unatosha. Daktari akiliona hilo daftari hataanza tena na taifodi.

Mzee wa Tukuyu

Ndaga fijo mwanangu. Ameshaanza kuandika, mjukuu ndo anamshikia kalamu.